Muulize Mzee Jalada: Wote wanausoma, je, nami niusome?

Barua za safari hii zimekuja kama zilizopangana njiani. Sita kati ya kumi na moja zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: ile mifululizo ya vitabu inayosomwa na kila mtu, tuisome au tuikimbie? Basi nimeziweka pamoja. Zilizokuwa ndefu nimezipunguza, na ile moja iliyokuja na matusi nimeiosha kidogo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nilifanya kazi miaka 31 katika chumba cha kukarabati vitabu maktabani, gundi mkono huu, sindano mkono ule, na jina la Jalada nilipewa huko. Mimi si mhakiki. Ninayoyajua kuhusu vitabu niliyajua kwa kuvishika vikiwa vimevunjika mgongo.

Shikamoo Mzee Jalada. Nina umri wa miaka 34. Ofisini tuko wanane chumba kimoja, na saba wanasoma mfululizo mmoja wenye juzuu saba. Asubuhi habari ni hiyo, jioni ni hiyo. Wakicheka, mimi natazama kompyuta. Mwenzangu mmoja kaniletea juzuu ya kwanza, ndani kaweka karatasi imeandikwa "utanishukuru". Ina wiki tatu mezani kwangu, nimeiwekea stepla juu. Sitaki kuisoma kwa sababu wote wanaisoma, halafu najiuliza, kwani hiyo nayo ni sababu? Au ni maringo tu? Na juzuu saba, nitazimaliza lini? – Wa Nane

Marahaba, mwanangu. Ni maringo. Ila usihuzunike, maana ugonjwa huo mimi niliuugua miaka tisa, na sikuwa na udhuru wowote, kwa kuwa kitabu chenyewe kilikuwa kinapita mikononi mwangu.

Kulikuwa na mfululizo, jina lake nalihifadhi, ambao juzuu yake ya kwanza niliishona upya mara kumi na moja. Nakala ileile. Kila iliporudi mezani kwangu ilikuwa na masalia ya waliopita humo: tiketi ya basi, unywele mrefu, kadi ya miadi ya daktari wa meno, na safari moja kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, "ukifika 212 usilie". Sikwenda kuutazama ukurasa wa 212. Nilikuwa nao mkononi, nikaupaka gundi pembeni, nikaugeuza. Wenzangu wa dirishani walipokuja na orodha ya watu wanaokisubiri kitabu hicho, nilikuwa na methali yangu tayari: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitabu kinachopigiwa kelele namna hii, nikawaambia, kina walakini.

Ilinichukua miaka kugundua kwamba methali ile nilikuwa nimeishika kichwa chini miguu juu. Kitabu hakikuwa kinajitembeza. Waliokuwa wakikitembeza ni wale waliokwisha kukisoma, na kujiuza kwenyewe ndiko huko. Chukua mfano unaojulikana na wengi. Juzuu ya kwanza ya Harry Potter ilipotoka Uingereza mwaka 1997, nakala za jalada gumu zilizopigwa chapa mwanzo zilikuwa 500, na nyingi ya hizo zilikwenda maktaba. Nakala 500 hazina kelele. Mtoto alimnong'oneza mtoto. Mabango, sinema na fulana vilifuata baadaye, na sisi tuliochelewa tukavisikia hivyo tu, tukadhani ndivyo vilivyotangulia.

Kwa hiyo zitenge sauti mbili: ya msomaji na ya muuzaji. Kwenye orodha za vitabu vinavyouzwa sana utaisikia ya pili. Orodha hizo huhesabu nakala zilizonunuliwa wiki hiyo. Kurasa zilizofunguliwa hazizihesabu. Mtu akinunua kitabu, akampa rafiki zawadi, rafiki akakiegesha rafuni mpaka vumbi likakizoea, katika orodha kitabu hicho ni kimoja, sawasawa na kile kilichosomwa hadi kikapasuka.

Mimi nilikuwa na orodha yangu mwenyewe. Kuna mifululizo ambayo juzuu ya 1 ilikuja kwangu haina mgongo, ya 2 ina pembe zilizokunjika kidogo, na ya 3 ukiifungua inalia "kra!" kama siku ilipotoka mtamboni. Hapo nilijua: watu waliingia kwa kusukumwa na wenzao, wakaishia njiani, na hakuna aliyesema. Na kuna mifululizo ambayo juzuu zote zilikuja zimechakaa, ya 6 pengine kuishinda ya 1. Ukiweza kufika maktaba yoyote, usiombe juzuu ya kwanza. Omba ya 3, uitazame mgongo na mihuri ya tarehe. (Tahadhari ya fundi: gundi za siku hizi nyingine ni za aibu, kitabu huachia kurasa baada ya msomaji mmoja. Kurasa zilizochomoka si ushahidi. Tazama pembe ya chini, pale kidole kinapogeuzia. Weusi wa vidole haudanganyi.)

Na kama maktaba iko mbali, wahoji hao saba. Usiwaulize kama hadithi ni nzuri, watakwambia ndiyo. Waulize wamefika juzuu ya ngapi, na umuulize kila mmoja peke yake. Nina hakika yupo mmoja, pengine wawili, waliokwama juzuu ya 2 na ambao hucheka tu wanapoona wenzao wamecheka. Kisha mwambie yule aliyekuazima akusimulie mtu mmoja wa humo. Kisa aache, akupe mtu. Akimsema mtu huyo kama anavyomsema jirani yake, na hasira kidogo ndani, kitabu kina watu. Akianza "kuna upanga, halafu kuna ramani, halafu kuna unabii", basi kina vyombo.

Kuhusu muda, tupige hesabu. Tuseme kila juzuu ina kurasa 400. Saba ni kurasa 2,800. Asiye na haraka husoma kama kurasa 30 kwa saa, basi ni saa 93 hivi. Saa moja kila siku ni miezi mitatu. Si kidogo. Kwa muda huohuo ungesoma vitabu tisa vya waandishi tisa, na mtu akiukataa mfululizo kwa hesabu hiyo, huyo simwiti mwenye maringo hata kidogo. Ila kweli avisome hivyo tisa.

Lakini wewe hujaletewa saba. Umeletewa kimoja. Toa stepla, soma kurasa 50, na ikiwa huko hakuna kitu mrudishie mwenyewe, umwambie umeishia ukurasa wa ngapi na kwa nini. Utakuwa na haki ya kutazama kompyuta yako kwa amani, na mazungumzo ya chumba hicho utakuwa umeyaingia kwa mlango wako mwenyewe. Aliyekataa baada ya kurasa 50 ana hoja. Aliyekataa kwa kutazama jalada ana kisirani tu, kama nilichokuwa nacho mimi.

Nikumalizie habari yangu. Mwaka wa tisa dada yangu alifanyiwa upasuaji. Nilikaa kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri, na mkobani sikuwa na kitu isipokuwa juzuu ya pili ya mfululizo ule, niliyoichukua nikaishone nyumbani. Nikaifungua kwa kukosa la kufanya. Daktari alipotoka kuniita nilikuwa ukurasa wa 140, na Mungu anisamehe, nilimalizia aya kwanza ndipo nikasimama. Upasuaji ulikwenda salama. Dada hajaacha kuisimulia ile aya kila ndugu wanapokusanyika.

Nikarudi nikasoma ya 1, ya 3 na ya 4. Ya 5 ilinishinda, ilihitaji mkasi. Lugha ya mwandishi yule si ya kukariri, sentensi zake ni za kawaida kabisa, na bado nikikutana na mtu aliyeusoma mfululizo huo tunaongea kama tuliokalia dawati moja. Ukurasa wa 212, kwa taarifa yako, sikulia. Nililia 215.

Shikamoo mzee. Nilinunua boksi zima, juzuu tisa. Tatu za mwanzo nilizila usiku na mchana. Sasa nimekwama juzuu ya 4, ukurasa wa 97, miezi mitano. Kila nikishika kitabu kingine najiona msaliti. Niendelee? – Mateka

Marahaba. Acha.

Ungekuwa umekwama juzuu ya 1 ningekwambia uvumilie kidogo, kwa sababu wapo waandishi wanaochelewa kukolea. Lakini wewe umekaa na mwandishi huyu juzuu tatu na ushee, unamjua kuliko ninavyomjua mimi. Ukichoka, umechoka kwa haki. Fedha zako ziliondoka siku ile uliponunua. Hazitarudi ukisoma, na hazitapotea mara ya pili usiposoma.

Na usijilaumu, kwa sababu katikati ndiko mifululizo mingi inakonenepa. Juzuu ya 1 mwandishi bado ni mgeni. Mhariri anamkata naye anakubali, maana anataka kuchapishwa. Ikifika ya 4 au ya 5, mwandishi ndiye anayeiweka hai nyumba ya uchapishaji, na wasomaji wako nje wanagonga mlango. Nani atanyanyua mkasi? Harry Potter huyohuyo, kwa toleo la Uingereza: juzuu ya 1 ina kurasa 223, ya 5 ina kurasa 766. Wapo wanaoapa kwamba ya 5 ndiyo bora kuliko zote, na sibishani nao. Nasema tu kwamba mikono yangu iliijua tofauti hiyo. Gundi iliyotosha kushika ile nyembamba haikuishika ile nene hata wiki. Ilibidi nichukue uzi.

Kama unachotaka ni kujua mwisho, mtafute aliyemaliza akusimulie. Hakuna askari wa jambo hili. Utakuta dakika kumi zinatosha, na pengine akiwa katikati ya kusimulia utamwambia "ngoja, usiendelee", na hapo utajua kwamba hukuwa umechoka, ulihitaji kupumzika tu.

Ombi moja: ukiligawa hilo boksi, ligawe lote kuanzia juzuu ya 1. Nimepokea misaada ya vitabu miaka mingi, na kilichonichosha kuliko vyote ni juzuu za mwisho zilizoletwa zikiwa bado ndani ya nailoni yake, bila zile za mwanzo. Nilikuwa sijui nizifanye nini. Mtu haanzi safari kwa kushuka.

Ndugu Jalada, salaam. Binti yangu ana miaka 12. Anasoma mfululizo mmoja tu, huu unaopendwa na watoto wote, na sasa ni mara ya tatu anaurudia tangu mwanzo. Mwalimu wake kaniambia ni takataka, nimnyang'anye nimpe vitabu vya maana. Mke wangu anasema nimwache mtoto. Niko katikati yao. – Baba wa Mmoja

Salaam, ndugu yangu. Mkeo yuko karibu na ukweli kuliko mwalimu, ingawa kuna jambo moja ambalo wote wawili hawajalitaja, nitalifikia.

Ugomvi huu umenizidi umri. Marekani, katika miaka ya 1920 na 1930, kulikuwa na mifululizo ya wavulana na wasichana wapelelezi iliyotengenezwa kama kiwandani. Kampuni moja ilibuni visa, ikawalipa waandishi wa kuazima waviandike, na jina lililochapwa kwenye jalada lilikuwa la kubuni. Msichana mpelelezi Nancy Drew alianza mwaka 1930, na yule Carolyn Keene anayeonekana kama mwandishi wake hakuwahi kuwa mtu. Maktaba nyingi zilikataa kuviweka vitabu hivyo rafuni. Wakutubi wa enzi hizo waliviona ni takataka, neno lilelile la mwalimu wa binti yako. Wasichana wakavisoma hata hivyo, wakaazimana wao kwa wao. Baadhi yao walikua wakawa majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani: Sandra Day O'Connor, Ruth Bader Ginsburg na Sonia Sotomayor, kila mmoja kwa wakati wake, wamesema walimsoma Nancy Drew utotoni. Sitakwambia kwamba kitabu ndicho kilichowapa ujaji, hapo ningekuwa tapeli. Nakwambia hakikuwazuia.

Na kurudia kusikutishe. Mara ya kwanza alisoma apate kujua nini kitatokea. Sasa anajua, na bado anasoma. Anatazama jambo linavyotokea: wapi mwandishi alificha ufunguo, nani alidanganya mapema bila yeye kumshtukia. Huyo ni mtoto yuleyule aliyekuwa akikuomba hadithi moja kila usiku, na ukiruka neno anakusahihisha. Nimekarabati vitabu vya wasomaji wazima ambao hawajawahi kusoma kitu mara mbili, na niamini, inaonekana kwenye wanayoyaandika pembeni.

Sasa lile jambo. Sijui binti yako anasoma mfululizo upi, lakini mingi ya aina hiyo hukua pamoja na shujaa wake. Harry Potter anaanza akiwa na miaka 11 na anamaliza akiwa na 17, na juzuu zake saba zilitoka kwa muda wa miaka kumi, 1997 hadi 2007. Watoto waliousoma ulipokuwa unatoka walisubiri, na wakati wanasubiri walikua. Ilipofika juzuu yenye vifo vya watu waliowapenda, walikuwa wamepata kimo chake. Mtoto wa leo anazikuta zote zimepangwa rafuni. Likizo moja inatosha kumtoa kwenye kitabu cha mtoto wa miaka 11 hadi kwenye kitabu cha kijana, na hakuna aliyemwambia kwamba amevuka kitu.

Kwa hiyo chukua juzuu ya mwisho uisome wewe. Usiisome kama askari. Isome kama mtu anayetaka kujua mwanawe anashinda na nani. Ukikuta jambo zito humo, muulize aliliona vipi. Amelisoma mara mbili tayari. Atakuwa na maneno mengi kuliko wewe.

Na hivyo "vitabu vya maana", viache kwanza. Nilimwona baba mmoja dirishani akimpokonya mtoto kitabu na kumkabidhi kingine, na mtoto akakipokea kile kipya kwa vidole viwili, kama chupa ya dawa chungu. Kilirudi baada ya siku 14 kikiwa kisafi. Afadhali umuulize binti yako anampenda nani humo ndani. Akikwambia ni yule msichana mkaidi anayebishana na wakubwa, tafuta kitabu kingine chenye msichana wa aina hiyo, ukiache mezani, usiseme neno. Ukimnyang'anya atasoma usiku chini ya shuka kwa tochi, na wewe ndiye utakayenunua betri.

Mzee, kuna mfululizo haujakamilika na watu wanausifu sana. Nianze au nimsubiri mwandishi amalize? Naogopa kuachwa kwenye mataa. – Mwoga

Inategemea ni wa aina gani. Ipo mifululizo ambayo kila kitabu ni kesi yake, kilichounganisha ni mtu tu. Muhammed Said Abdulla alituletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, akaendelea naye hadi miaka ya 1980. Ukikutana naye kwanza katika Kisima cha Giningi hupotei hata hatua moja. Kwa mifululizo kama hiyo hofu yako haina mahali pa kukaa. Ingia popote, toka popote. Tena huko hata kifo si mwisho: Arthur Conan Doyle alimchoka mpelelezi wake Sherlock Holmes akamuua mwaka 1893, na kufika 1903 alikuwa amelazimika kumfufua.

Aina ya pili ni hadithi moja iliyokatwa vipande. Wakati mwingine sababu ya kuikata haina uhusiano wowote na hadithi: The Lord of the Rings kiliandikwa kama riwaya moja, kikatolewa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955, na karatasi kuwa ghali baada ya vita ilichangia. Kwa aina hii kuachwa kwenye mataa kupo. George R. R. Martin alitoa juzuu ya 1 ya mfululizo wake mwaka 1996, ya 5 ikatoka 2011, na ya 6 wasomaji wameisubiri tangu hapo. Tamthilia ya televisheni iliyotokana nao ilishaisha 2019. Robert Jordan alianza wake mwaka 1990 na akafariki 2007 kabla ya kuumaliza. Brandon Sanderson akakabidhiwa kazi na maandishi aliyoyaacha marehemu, na juzuu ya 14, ya mwisho, ikatoka 2013. Aliyeianza hadithi hiyo akiwa kijana wa miaka 20 aliifunga akiwa na 43.

Mimi ningeanza. Nimewaona waliokuwa wakisubiri juzuu mpya, wanakuja dirishani kuulizia, wanakutana hapo hawajuani, wanabishana nani msaliti na nani atakufa, mpaka mlinzi anawatoa nje. Yule anayesoma vyote kwa mkupuo baada ya miaka kumi anapata hadithi, ile foleni haipati. Na mwandishi akifa leo, ulichokisoma umekisoma.

Ila kama wewe ni mtu asiyeweza kulala mlango wa kabati ukiwa wazi, subiri. Au muulize aliyesoma juzuu ya 1 kama mwishoni inafunga angalau mlango mmoja. Ikiwa haifungi hata mmoja, mwandishi huyo anakufanya wewe ndiye mdhamini wake, na una haki ya kukataa.

Mzee, unaharibu wino. Kinachopendwa na mamilioni hakiwezi kuwa fasihi. Umati haujui kitu. – Msomi

Mwaka 1836 kijana mmoja wa London alianza kutoa hadithi kwa vipande, kila mwezi kipande. Vya mwanzo viliuzwa nakala mia chache tu, biashara ikakaribia kufa. Katika kipande cha nne akamwingiza mtumishi mchekeshaji, Sam Weller, na kufikia mwisho mwaka 1837 ziliuzwa nakala kama 40,000. Kijana huyo ni Charles Dickens, ambaye leo wasomi wenzako wanamfundisha vyuo vikuu. Katika foleni hiyo umati ulitangulia.

Lakini kweli nyingine ninakudai nikupe, ingawa inakusaidia wewe. Nyuma ya chumba changu kulikuwa na stoo ya vitabu vilivyoondolewa rafuni. Humo nilikuta nakala 26 za kitabu kimoja ambacho watu walikigombania mpaka tukaongeza nakala, halafu baada ya miaka kumi hakuna mtu aliyekiuliza hata kwa bahati mbaya. Karatasi yake ilikuwa imara. Nilizikata nakala hizo moja baada ya nyingine, nikatumia vipande vyake kuimarishia migongo ya vitabu vingine, pamoja na ile juzuu niliyoishona mara kumi na moja. Wakati zinagombaniwa, Msomi, mimi na wewe tusingeweza kuzitofautisha.

Nianze na filamu au kitabu?

Kitabu. Ukianza na filamu, mwigizaji atakaa kichwani mwako na hatatoka, hata mwandishi akikwambia kwamba mtu huyo ni mfupi na ana pua kubwa.

Nyongeza. Kabla ukurasa huu haujaenda mtamboni, Wa Nane ameniandikia tena, mistari miwili. Amefika ukurasa wa 61. Ile karatasi ya "utanishukuru" ndiyo anayoitumia kama alama ya alipoishia. Hajasema kama ataendelea, na wenzake saba bado hajawaambia.